Mwili Nao Una Maneno

Chukua daftari la mwanafunzi yeyote anayependa kuchora, liwe la Hisabati au la Jiografia, ufungue ukurasa wa mwisho kabisa. Huko ndiko wanakoishi watu wetu. Utawakuta wanasoka, makanga, mabondia na mabinti wa nywele ndefu. Nyuso zao, haki ya nani, zimechorwa zikachoreka: jicho lina kope, pua ina matundu, hata kiatu kina kamba zake. Lakini sasa shusha macho kutoka shingoni kwenda chini. Wote wamesimama wima kama askari wa gwaride la Siku ya Jamhuri, mikono imebanwa mbavuni, miguu sambamba, mabega sawa kama rula. Mwenye furaha amesimama hivyo, aliyefiwa amesimama hivyo, na mwizi anayefukuzwa na umati, maajabu ya Musa, naye amesimama hivyo hivyo!

Mimi nachora vibonzo. Si vile vya kubandikwa ukutani bali vya kutembea, ambavyo wataalamu wa lugha wameviita uhuishaji, yaani kukitia uhai kitu kisicho na uhai. Kazi yenyewe yataka subira ya kinyonga. Filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Wachoraji wengi huushikilia kila mchoro kwa picha mbili, kwa hivyo michoro 12 yatosha sekunde moja. Piga hesabu mwenyewe: daftari la kurasa 96 lina karatasi 48. Ukichora pembeni mwa kila karatasi kisha ukazipepesa kwa kidole gumba, umepata sekunde nne. Daftari zima, sekunde nne! Ndiyo maana mama huniuliza, "We mtoto, hivi vitabu unakula ama?" Nami humjibu kwamba kama kila sekunde itanila michoro 12, basi sina michoro ya kupoteza kwa mtu aliyesimama tu kama nguzo ya stima.

Sababu ya mimi kulishikilia jambo la mkao wa mwili kuliko uzuri wa uso iko nyumbani. Kitindamimba wetu ni kiziwi. Ana miaka tisa, na anasoma katika shule ya bweni ya viziwi, kwa hivyo tunamwona wakati wa likizo tu. Pale nyumbani tunaoijua lugha yake ya ishara ni wawili, mama na mimi. Wengine huzungumza naye kwa kidole na tabasamu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, na katika kifungu cha 120 ikaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Bungeni, sawa. Lakini jioni kwa nyanya, kando ya jiko, mambo bado.

Nyanya yetu ni fundi wa hadithi. Akianza paukwa, hata jirani huja na kigoda chake. Basi mdogo wangu huketi katikati yetu akihamisha macho kutoka mdomo huu hadi mdomo ule. Mimi humfasiria. Ila kufasiri ni mbio za kobe: ninapofika mahali Sungura anapobisha hodi, wenzangu wameshacheka, wamepangusa machozi, na nyanya yuko mbele katika jambo jingine. Mdogo wangu hucheka pia, kwa kuwa sisi tumecheka. Kicheko hicho cha kukopa ndicho kilichonifanya nishike penseli.

Nilianza kumchunguza akitazama televisheni. Katika vibonzo vingi vya siku hizi wahusika husimama wakaongea, wakaongea, na kila mdomo ukifunguka mdogo wangu hunigeukia, nyusi zimepanda, akiuliza, "Anasema nini?" Lakini wakija Tom na Jerry, wale wa William Hanna na Joseph Barbera walioanza kuonekana mwaka 1940, haulizi lolote. Na Mr Bean je? Yule Mwingereza, Rowan Atkinson, aliyeanza kutuchekesha mwaka 1990, husema maneno machache sana hata unaweza kuyahesabu kwa vidole. Hapo mdogo wangu hucheka kabla yangu. Ndiyo, kabla yangu! Yeye huona bega likianza kupanda wakati mimi bado nasubiri kusikia.

Basi nikaamua kuchora hadithi moja ya nyanya bila neno hata moja. Nikachagua ile ya Sungura aliyejigamba mbele ya watu kuwa Fisi ni punda wa kupandwa na babake. Fisi, kwa hasira, akaenda kumchukua ili aje akane maneno yake hadharani. Sungura akajifanya mgonjwa mahututi asiyeweza kutembea. Fisi akambeba mgongoni, na kufumba na kufumbua Sungura akawasili kijijini akiwa amempanda. Unaona ugumu? Hadithi nzima ni maneno matupu, na mimi nimeyafukuza maneno.

Fundisho la kwanza nililipata usiku mmoja stima ilipopotea. Kwa kiziwi giza ni zito maradufu, maana ishara hazionekani. Mama aliwasha taa ya mafuta, na mdogo wangu akaanza kucheza na kivuli cha mikono yake ukutani. Akafanya mbwa, akafanya ndege. Nikajaribu kumtolea mtu aliyekunja mikono kifuani. Kivuli kikawa pipa. Nikaitoa mikono kando ya mwili, kiwiko kimoja nje, mkono kiunoni, na mara mtu akaonekana, tena mtu mwenye kiburi! Kumbe kinachoonekana kwanza si mistari ya ndani bali ukingo wa umbo. Wachoraji wa zamani walilijua hilo vizuri. Mwaka 1926 Mjerumani mmoja, bibi Lotte Reiniger, alitoa filamu nzima ya Mwanamfalme Achmed, yenye visa kutoka Alfu Lela Ulela, kwa karatasi nyeusi alizozikata kwa mkasi. Hakuna macho, hakuna tabasamu, ni vivuli tu. Na watu wanapendana humo, wanapigana, wanaomba msamaha. Hata Mickey Mouse alivishwa glavu nyeupe mwaka 1929, kwa kuwa mikono yake myeusi ilikuwa ikipotea mbele ya mwili mweusi. Tangu usiku ule, kabla ya kuchora uso wa mtu, huujaza mwili wake wote wino mweusi kwanza. Kivuli kikisema, ndipo nampa macho.

Binamu yangu anayesomea uchoraji chuoni alinionyesha kwenye kompyuta yake kurasa kadhaa za kitabu kiitwacho The Illusion of Life. Kiliandikwa na wazee wawili wa kampuni ya Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, kikachapishwa mwaka 1981. Humo wameorodhesha kanuni 12 za kazi yao. Sitazitaja zote, nyingine ni kavu. Ila kuna gunia la unga. Ndiyo, msomaji, gunia la unga lililojaa nusu! Mwanagenzi huambiwa alichore likiwa na furaha, likiwa na huzuni, likiwa na hasira, likiwa limechoka. Halina uso, halina mikono, lina pembe nne tu. Pembe za juu zikining'inia mbele na tumbo likiporomoka, gunia lina msiba. Likijipinda nyuma kama upinde na pembe zikipaa, gunia limepita mtihani. Nilijaribu na pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili, iliyobakia nusu, juu ya meza ya jikoni. Mama alinikuta nimeikunja pakiti shingo nikiitazama kwa makini. Hakuuliza. Alichukua unga wake akapika.

Sasa walimu wangu wa Kiswahili mnisikilize hapa. Mwaka uo huo wa 1981 ndipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipochapishwa mara ya kwanza. Nami nasema, bila woga, kwamba mchoraji wa Kiswahili akiwa na kamusi ana kitabu cha pili cha uhuishaji mkononi mwake. Lugha yetu imejaa miili! Mwenye huzuni anashika tama. Mwenye kiburi anatunisha kifua. Mwenye dharau anabetua midomo. Mwenye baridi au hofu anajikunyata. Anayestarehe anakunja nne, na ukimtazama miguuni utaiona nne yenyewe. Tunatega sikio, tunakodoa macho, tunapiga magoti, tunachutama, tunalala chali na kifudifudi. Na kutembea je? Anayenyata na anayenyemelea si mtu mmoja. Anayenyata anaogopa kusikika, kwa hivyo uzito wake wote uko kwenye ncha za vidole na mwili unavutwa juu. Anayenyemelea ana kitu anachokiendea. Kichwa na macho yametangulia, miguu inafuata. Anayechechemea ana mguu mmoja unaokataa kazi. Anayejikongoja, miguu yote miwili imekataa, na anayepepesuka ameisahau miguu yake kabisa. Sisi huvikariri vitenzi hivi ili tupate alama kwenye insha. Nilipovichora kimoja kimoja nikaona kwamba kila kitenzi kina uti wa mgongo wake: mmoja umepinda kama upinde, mwingine kama herufi S, mwingine umenyooka kama mkuki unaoanguka.

Uti huo ndio mstari wa kwanza ninaouchora. Mstari mmoja tu kutoka utosini hadi kisigino, kabla ya kichwa na viungo. Mstari ukiwa umekufa, hata ukiuvisha suti utakuwa maiti mwenye suti.

Kuhusu uzito, mwalimu wangu ni soko la Wakulima hapa Nakuru, ambako mama huuza viazi. Jumamosi nikimsaidia huwa na kijidaftari mfukoni. Hamali aliyebeba gunia la kilo 50 hawezi kunyoosha mgongo hata ukimlipa. Kichwa kimesukumwa mbele, magoti yamelegea, na hatua zake ni fupi za harakaharaka, maana akisimama kufikiri gunia litamshinda. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani ni kinyume chake: shingo imetulia tuli, macho yako mbele, na mwendo wote umeteremka kiunoni. Msichana aliyebeba mtungi wa lita 20 kwa mkono wa kulia, ambao maji yake peke yake ni kilo 20, mwili wake huinamia kushoto na mkono wa kushoto hupaa kando kama bawa. Kwa nini? Kwa sababu kitovu cha uzito lazima kibaki juu ya nyayo, la sivyo chini! Hata asiyebeba kitu hasimami sawa. Mtazame mtu anayengoja matatu. Ameuegemeza uzito kwenye mguu mmoja; nyonga ya upande huo imepanda na bega la upande huo limeshuka. Wachongaji wa Ugiriki waliligundua jambo hili katika karne ya tano kabla ya Kristo, na sanamu zao zikaacha kusimama kama magogo. Wale wazee wa Disney nao walionya kuhusu mapacha, yaani mkono wa kulia na wa kushoto kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Tangu nilisome hilo siwezi kutazama mabango ya matangazo barabarani bila kuwahesabu mapacha. Ni wengi.

Fisi alinipa raha. Mungu mwenyewe alishamchorea mstari: miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka kama paa la banda, kwa hivyo hata akiwa na shibe anaonekana kama anayeomba radhi. Akimbebapo Sungura mteremko huo huzidi, na mgonjwa wetu anateleza nyuma kila hatua tatu na kujivuta tena shingoni.

Sungura ndiye aliyenitoa jasho. Utachoraje uongo? Mwili wa mgonjwa wa kweli na wa mgonjwa wa bandia ni mmoja, la sivyo Fisi angeushtukia. Lakini mtazamaji lazima ajue, tena ajue bila kuambiwa. Nilikaa na kioo cha mama siku tatu, maana wachoraji hawa huwa na kioo mezani wajitazame wao wenyewe. Nikajifanya mgonjwa asubuhi, nikajifanya mgonjwa jioni, hadi nyanya akaanza kuchemsha dawa za mitishamba. Jibu likatoka katika sikio. Fisi anapomtazama, Sungura ameshika tama, mabega yameporomoka, masikio yote mawili yamelala. Fisi anapogeuka kumtandikia mgongo, sikio moja, moja tu, linasimama. Mwili wote haujasogea. Kabla ya sikio kusimama, nilimwacha Sungura ametulia sekunde nzima bila kutikisika, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu. Na kabla ya Fisi kuruka, humchutamisha kwanza. Dalili ya mvua ni mawingu, nalo jicho la mtazamaji lataka kuonyeshwa mawingu.

Jambo moja niliwakatalia wageni. Katika vibonzo vyao mtoto humkazia babake macho, na huo eti ndio ukweli na ushujaa. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Sungura anapofika mbele ya wazee wa kijiji ameinamisha kichwa, anasalimia kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika kiwiko, na kidole cha mguu kinachora mchangani. Heshima tupu, na huku amekaa juu ya mgongo wa mtu! Vibonzo vya Tinga Tinga Tales, vilivyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, vilichukua rangi na madoa yake kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Mimi sina rangi, lakini naamini miondoko ya kwetu ni hazina isiyo ndogo kuliko hiyo.

Likizo ya Aprili nilikuwa na sekunde 40. Nilikuwa nimepiga picha michoro yote kwa simu ya mama na kuipanga. Mdogo wangu aliitazama mara ya kwanza bila kupepesa. Sikio liliposimama alinipiga bega, akatoa ishara mbili: "Sungura. Mwongo." Kisha akampa Fisi jina, kama viziwi wanavyowapa watu majina ya ishara, jina lenyewe ni kiganja kinachoteremka kama mgongo wake. Hakuniuliza hata mara moja nani amesema nini.

Jioni nyanya alikuja na kigoda chake. Mdogo wangu alimpokonya kaka yetu mkubwa nafasi ya mbele, akasimama kati ya jiko na nyanya, akaianza hadithi. Alikunja mgongo akawa Fisi. Akashika tama akawa Sungura, vidole viwili kichwani vimelala, na kimoja kikainuka polepole. Nilikuwa nimefungua kinywa nifasiri. Nyanya alishaanza kucheka, amejishika mbavu, kigoda kinataka kumwangusha. "Kumbe huyu mtoto ni fundi hivi!" akasema, na mdogo wangu, aliyekuwa amemkazia macho, akarudia sikio mara tatu zaidi kwa kuwa aliona linapendwa.

Hadithi haijaisha, maana nimefika mahali Fisi anapoondoka mbio na mpandaji wake kabla ya kuingia kijijini. Mdogo wangu alirudi shuleni baada ya kunionyesha kwa vidole kwamba Agosti anataka kuuona mwisho. Mbio za Fisi zimekuwa kazi kweli: miguu minne, mzigo mgongoni, na mpandaji ambaye lazima achelewe kidogo kila Fisi anapotua. Nimebakisha kama michoro 200, na daftari langu la Jiografia limejaa. Mwenye daftari lililobakisha karatasi tupu na aniletee tafadhali. Niko 3 Mashariki, dawati la mwisho karibu na dirisha.